Mwaka Nilioua Injini ya Shangazi

Shangazi Fides alifariki mwaka jana wakati wa baridi, na kitu cha kwanza kuisha msibani kwake kilikuwa unga. Mwanamke aliyesagia nusu ya mji wa Sumbawanga, halafu siku moja tu baada ya kumzika, wanawake jikoni wanakung'uta magunia matupu! Nilicheka, nikajifunika khanga, watu wakadhani nalia. Msibani ukijifunika vizuri hakuna anayejua. Nikasema mimi naenda kusaga, mashine si ipo hapo hapo uani? Tukajitwisha mahindi, mimi na wifi yangu Oliva, tukamimina kwenye mdomo wa mashine, tukangoja. Mkanda hauzunguki. Nikazunguka nyuma, kwenye mlango wa chumba cha injini, nimwambie mwendesha mashine awashe. Anaitwa Gaudensi, mwanamume mzima mwenye kitambi na wajukuu. Akaniona, akanyoosha mkono, akaziba mlango.

"Pole na msiba, mama. Ila humu wanawake hawaingii."

"Nani kasema?"

"Ndiyo utaratibu. Nimeukuta. Hata Bibi mwenyewe alikuwa haingii."

"Mashine ni yake, na alikuwa haingii?"

"Hata siku moja, mama. Alikuwa anakaa pale nje kwenye kigoda, anasikiliza."

Nilisimama pale na vumbi la mahindi kichwani, na ile baridi yetu ya Ufipa inayoingia kwenye mifupa bila kupiga hodi, na hasira niliyodhani imeshazeeka ikaamka kama haijalala hata kidogo. Miaka thelathini na kitu. Mlango ule ule, katazo lile lile. Wamebadilisha injini, wameleta umeme, wamebadilisha bati, wamemzika mwenye mashine, na mkono wa mwanamume bado uko mlangoni.

Habari za nani alinizaa na kwa nini nilikuwa nakaa kwa shangazi tuziache, zina shamba ndani yake na kesi haijaisha. Mwaka ninaousema nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne. Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Ruksa mitumba, ruksa sabuni ya kunukia, ruksa mtu binafsi kununua mahindi na kuyapakia lori lake bila kuulizwa. Ushirika ukawa unakufa taratibu kama ng'ombe mwenye ndigana, kila mtu anapita anakata kipande chake. Shangazi, ambaye alianza kwa kupandisha samaki wakavu kutoka Muze, kule chini bondeni, akakata kipande kinono kuliko wote: akanunua mashine ya kusaga ya ushirika, injini yake ya dizeli, banda lake, na mwendesha mashine wake, Mzee Tarsisi, ambaye naye alikuja kama sehemu ya vyuma.

Banda lilikuwa na vyumba viwili. Cha mbele ndiyo kulikuwa na mashine yenyewe, tunamimina mahindi, unga unatoka, wanawake wanagombana. Cha nyuma ndiyo kulikuwa na injini. Kati yake ukuta, na ukutani tundu, na kwenye tundu mkanda mrefu unapita kuleta nguvu kutoka kule. Sisi wanawake tulichokijua kuhusu injini ni huo mkanda na ule mlio, basi. Maana Mzee Tarsisi babu zake walikuwa wayeyusha chuma. Yale matanuru marefu ya udongo yaliyobaki porini, yaliyo marefu kuliko mtu, ndiyo kazi ya ukoo wake. Na tanuru kwa Wafipa wa zamani lilikuwa ni bibi harusi. Linapambwa, linawekewa dawa, na mwanamke mwingine hasogei pale, atalitia wivu na chuma hakitatoka. Matanuru yalishapoa kabla hata Mzee Tarsisi hajazaliwa. Sasa yeye ule mwiko ameubeba, hana pa kuutua, akautua juu ya injini ya dizeli iliyotoka Ulaya. Akatundika kikapu cha dawa juu ya mlango kwa ndani. Siku ya kuwasha baada ya matengenezo, usiku wake halali na mkewe. Na mwanamke asiingie. Asubuhi akitoka hapo anakwenda misa ya kwanza, anapokea komunyo, hana wasiwasi wowote. Mjini hapa hatuoni shida kwenye mambo hayo.

Kazi yangu mwaka huo ilikuwa foleni. Inaonekana kazi rahisi mpaka siku uletewe ulezi. Ulezi ukisagwa, mashine inabaki nyekundu ndani, na yule anayefuata na mahindi yake meupe, sembe lake linatoka na rangi kama maji ya mtaro. Kwa hiyo hakuna mwanamke aliyekubali kufuata ulezi. Hakuna. Wangeweza kukaa pale kuanzia alfajiri, meno yanagongana kwa baridi, kila mmoja anamsukumia mwenzake.

"We binti, huyo mama aliyetoka Mollo ana ulezi, mimi simfuati."

"Kwani ugali wako unakwenda harusini?"

"Unakwenda tumboni kwa mume wangu, wewe wako anakula nini, kama yupo?"

"Kresensia! Mwondoe huyu kabla sijamwaga debe lake!"

Kresensia ndiye mimi. Nilikuwa natukanwa na pande zote mbili, nacheka, nawatania, nikiona imezidi namwambia anayepiga kelele kuliko wote kwamba yeye ndiye atakayefuata ulezi. Nilikuwa nachukiwa na foleni nzima, na kusema kweli nilikuwa najisikia kama mkuu wa mkoa. Unga wa nyumbani kwa shangazi wenyewe ulikuwa na sheria yake: haufuati ulezi mpaka dunia iishe. Siku moja nilipitiwa, ukatoka na rangi. Shangazi akamwaga ungo mzima kwa kuku mbele ya wateja, akaniambia, "Ndiyo maana mama yako alikuleta kwangu. Alishaona."

Hivyo ndivyo alivyozungumza. Usidhani namsema kwa sababu kafa, nilikuwa namsema akiwa hai, na yeye ananisema. Alikuwa mrefu, mweusi, ana sauti nzito, anakula amesimama. Hakuzaa. Mwezi wa tano mwaka huo, tukiwa tunachambua maharage, aliniambia bila kunitazama, "Mimi sina mtu. Ukikaa vizuri, ukaacha kuchekacheka, hii mashine nikifa ni yako." Akaendelea kuchambua kana kwamba kaniomba nimpe ungo. Mashine! Mwaka ule, mjini hapa, kumwachia msichana mashine ni kama leo umwachie ghorofa.

Halafu wiki hiyo hiyo majina yakatoka. Nimechaguliwa chuo cha ufundi, uhandisi mitambo. Nisijisifu. Wakati wa kujaza machaguo, mwalimu wetu wa fizikia alisema wasichana wajaze ufundi, nafasi zipo. Rafiki yangu akajaza, na mimi nikajaza kwa sababu niliketi naye dawati moja. Yeye akachaguliwa ualimu. Mimi sikujua hata mhandisi mitambo anaamkia wapi asubuhi. Nilidhani ni yule anayelala chini ya lori miguu imetokeza.

Shangazi alisoma lile jina kwenye karatasi, akarudia kama mtu anayeonja mchuzi ulioharibika. "U-han-di-si mi-ta-mbo." Akasema, "Huko wanaume watupu. Utarudi na tumbo." Nikamwambia nitarudi na trekta. Hakucheka. Ndani ya nyumba ile mimi nilikuwa nacheka peke yangu, kama kichaa. "Chagua," akasema. "Mashine au chuo. Huwezi kuja kuvitaka vyote." Na mimi, niseme tu, nilikuwa nachagua mashine. Chuo kilikuwa mbali, mashine ilikuwa pale ninaisikia. Nilishaanza hata kukaa kwenye kigoda chake akitoka, kukijaribu.

Ilikuwa mwezi wa sita nilipoingia chumba cha injini, na ningependa kukuambia niliingia kwa kiu ya elimu. Niliingia kuota moto. Upepo ulikuwa unavuma wa kukata masikio, foleni imepoa, Mzee Tarsisi kaenda kujisaidia, na mlango ule ukawa wazi kidogo, joto linatoka kama pumzi ya ng'ombe. Nikajisogeza. Nikatanguliza mgongo, maana mgongo ndio ulikuwa na shida. Nikaingia kinyumenyume, nikasimama karibu na pipa la maji ya kupoza, nikafumba macho kwa raha. Nilipoyafumbua nikaiona. Ya kijani, imejaa mafuta, ina gurudumu zito upande mmoja linazunguka kwa kasi mpaka unadhani limesimama. Na juu yake kulikuwa na vidole viwili vya chuma vinapokezana: hiki kinainuka, kile kinabonyea, hiki kinainuka, kile kinabonyea. Havigombani. Hakuna anayekataa kumfuata mwenzake. Mimi niliyekuwa nimetoka kwenye foleni ya wanawake wa Mollo nikabaki mdomo wazi. Nilitaka kujua nani anavipanga.

"Toka."

Mzee Tarsisi alikuwa mlangoni, mkono umeshika fremu.

"Shikamoo babu."

Hakuitika. Mtu mzima kuinyima shikamoo yako marahaba, kwetu, ni bora akupige kofi, kofi linapoa. Nikapita chini ya mkono wake kama kuku. Tangu siku hiyo niliendelea kumwamkia kila asubuhi, makusudi, kwa sauti ya juu, mbele za watu, na yeye kila asubuhi akawa anatema mate pembeni.

Injini ikakaa siku chache inafanya kazi vizuri tu. Halafu Jumamosi, foleni imefika barabarani, watu wamekuja na baiskeli, ng'ombe na mikokoteni, ikakohoa. Ikakohoa tena. Mkanda ukapunguza mwendo, ukatetemeka kwenye tundu lake, ukasimama. Ule ukimya ulikuwa wa kutisha, unasikia hata kuku. Mzee Tarsisi akatoka nje anafuta mikono, akatazama foleni yote, hakuwatazama wale wenye mahindi, akanitazama mimi.

"Huyu aliingia," akasema. "Mwulizeni."

Hakuna aliyeniuliza. Mama wa Mollo mwenye ulezi, ambaye nilimtetea miezi yote ile, ndiye aliyeanza. "Kumbe ni wewe, mshenzi! Nimetoka nyumbani na giza!" Mwingine akasema siku zote alikuwa anaona macho yangu. Mwingine akasema, "Sasa twende tukatwange, tuje na michi tumtwange na yeye." Wakacheka, ila ni kile kicheko cha kutafuta fimbo. Mmoja akanimwagia pumba. Wale wanawake niliokuwa nawapanga kama askari, wakapita mbele yangu mmoja mmoja na mizigo yao, na ile siku, ajabu, hakuna aliyegombea nani amfuate nani.

Jioni kikao sebuleni. Ile sebule ya shangazi yenye viti vya mbao na vitambaa vya kufuma mgongoni, ambavyo mimi sikuruhusiwa kuegemea. Alikuwepo Mzee Tarsisi, na Baba Mdogo Kasiani, aliyeitwa haraka kutoka Matai, mtu wa maneno machache na mboga nyingi. Nikawekwa chini kwenye mkeka. Mzee Tarsisi akasema injini imenajisika, inatakiwa kuku mweupe, pombe ya ulezi na kuoshwa kwa dawa, na vyote nivitoe mimi. Sawa. Baba Mdogo akasema sawa, akauliza kama kuku huyo ataliwa. Halafu Mzee Tarsisi akaongeza, kwa upole kabisa, "Na hicho chuo asiende. Huyu mkimwachia injini za serikali, nchi nzima itasimama."

Nikacheka. Siwezi kujizuia, nilizaliwa hivyo. Shangazi akainuka pale alipokuwa, sauti ikatoka chini kabisa.

"Unacheka nini? Mimi injini hii nimeinunua. Nimepanda na samaki kichwani kutoka Muze mpaka shingo imepinda. Sijaingia mle. Hata siku ya kwanza, walipoiwasha, nilikaa nje. Wewe hujanunua hata bolti moja, unaingia!"

"Niliona baridi, shangazi."

"Baridi!" akamwambia Baba Mdogo, kama mimi nimeshaondoka. "Ati aliona baridi."

Nikakubali kila kitu. Kuku, pombe, kuomba radhi mbele ya foleni, na chuo nisiende. Nilikuwa nimechoka kuchukiwa, na ile mashine bado nilikuwa naitaka. Mzee Tarsisi akaondoka bila kuaga. Baba Mdogo akalala kwenye kiti.

Tukabaki jikoni mimi na shangazi. Ugali wa ulezi, ule wa kutwanga, una mchanga, na samaki wa kuchemsha. Mimi nimekaa, yeye amesimama amenipa mgongo, ananyofoa samaki. Kuni zinalia. Halafu akauliza, bila kugeuka, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, karibu ya kitoto:

"Hivi imekaaje?"

"Nini?"

"Hiyo. Mle ndani."

Nikamtazama ule mgongo. Mwanamke ambaye wafanyabiashara wa malori walikuwa wanampisha njia. Kachukua kila kitu alichotaka mjini hapa, na kitu chake mwenyewe anauliza kwa mtu aliyekikosea, tena gizani kwa moshi, asisikiwe. Ndipo nikaona kabisa, kama mtu amewasha taa, kwamba nikibaki nitairithi mashine, na kigoda, na hilo swali. Nitakuja kuwa mtu mzima, na hela zangu, na mgongo wangu, namwuliza msichana wa watu jikoni injini yangu imekaaje.

Ningeweza kumwambia habari za vile vidole viwili. Nilikuwa na pumba kwenye nywele na matusi ya siku nzima masikioni, sikuwa na mood ya kumpa mtu zawadi.

"Imekaa kama wewe," nikasema. "Inanguruma, inatoa moshi, na haiguswi."

Aligeuka. Nilidhani ananirushia bakuli. Akaliweka chini polepole.

"Kesho uondoke kwangu. Nenda ukaolewe na hizo injini."

"Nakwenda."

"Na mashine hutaiona."

"Nimeshaiona," nikamwambia.

Hivyo ndivyo nilivyoamua kusomea uhandisi mitambo. Wenzangu chuoni wakiulizwa walikuwa wanasema toka utotoni walipenda mashine, walitengeneza magari ya waya. Mimi nilisema nilipenda kuota moto. Niliondoka asubuhi juu ya lori la mahindi, na nikiwa juu kule nikampigia Mzee Tarsisi shikamoo ya mwisho, kwa sauti, mpaka watu wa sokoni wakageuka. Akatema.

Kule chuoni, wiki za mwanzo, nikamwuliza mwalimu wa injini ni kitu gani kinafanya injini ya dizeli ikohoe halafu izime. Akafurahi, akaanza kutaja: dizeli yenye maji, chujio limeziba, hewa kwenye bomba, pampu imechoka. Akataja mpaka kengele ikalia. Nilisikiliza mpaka mwisho. Mimi sikuwemo. Sijui mpaka leo ile ya shangazi iliumwa nini, ila nilitoka darasani mle nimenenepa.

Sikumaliza, wala usiniite injinia. Hesabu zilinishinda, na mimi nikamshinda fundi umeme mmoja ambaye ndiye baba wa wanangu, na shangazi alipata alichotabiri kuhusu tumbo. Lakini nusu niliyosoma ilinitosha kufungua duka la vipuri mjini hapa hapa. Kwa miaka yote hiyo shangazi hakukanyaga dukani kwangu. Alikuwa anamtuma mtu aje kununua mkanda, na anamwonya asiseme ametumwa na nani. Mkanda wa saizi ile mji mzima ulikuwa unatumika kwake tu. Nilikuwa nauagiza kwa ajili yake, na namwuzia ghali. Tulipokutana kanisani hatukupeana amani. Mashine aliwaandikia watoto wa Baba Mdogo.

Kwa hiyo nilikuwa na hayo yote kichwani wakati Gaudensi amenizibia mlango kwa mkono wake.

"Wewe Gaudensi, unanijua mimi ni nani?"

"Sikujui vizuri, mama. Ndugu wa marehemu."

"Mimi ndiye Kresensia. Niliyeua ile ya kwanza."

Alishaisikia. Kumbe niko kwenye masimulizi ya mashine ile, pamoja na kikapu. Aliuondoa mkono kama ameunguzwa, akarudi nyuma hatua kadhaa. Nikaingia, safari hii nimetanguliza uso. Ile ya kijani haipo, walishaiuza chuma chakavu, zimebaki bolti nne zimetokeza kwenye saruji kama meno. Kikapu kipo, buibui wamekifunga. Na kwenye kona, kimota cha umeme, kidogo, cha kijivu, kama nguruwe mchanga amelala.

Nikatoka, nikawaita wanawake wote waliokuwa jikoni. Njooni. Wakaja na mikono ina maji na majivu, wifi Oliva mbele, mashangazi nyuma, vijukuu vya kike vimeshikilia sketi. Wakasita mlangoni. Oliva ndiye aliyevuka. Wakafuata wakajaa mle ndani, hakuna hata pa kugeukia, wanatazama kile kijivu.

"Ni hiki tu?" Oliva akauliza.

"Ndiyo hicho. Gaudensi, washa, watu wana njaa."

"Siwezi, mama," akasema kutoka nje. "Siwezi kuwasha na nyinyi mmo."

Basi nikawasha mwenyewe. Mkanda ukajivuta, ukaingia kwenye tundu, ukakimbia. Hakuna aliyekumbuka kwamba jana yake ulisagwa ulezi, na unga ukatoka na rangi ya maji ya mtaro, magunia yote mawili. Shangazi angetufukuza wote. Tulisonga ugali hivyo hivyo, tukawapakulia waombolezaji, na hakuna aliyebakiza.